Mgeni jukwaani: bandiko halionekani, hakuna anayejibu, umefungiwa. Tatizo liko wapi?

Karibu kila wiki nikifungua kisanduku cha wasimamizi nakuta ujumbe wa aina moja: "Nimeandika tangu jana usiku, mmenifutia. Kama hamtaki wageni si mseme." Nakwenda kwenye foleni ya uhakiki, nalikuta bandiko la huyo ndugu limekaa pale, zima, halijaguswa na mtu. Halikufutwa. Lilikuwa linasubiri mmoja wetu aamke.

Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa jukwaa la mafundi na wapenzi wa cherehani za zamani. Mifano yangu itatoka huko, ila majukwaa ya mijadala hayatofautiani sana, yawe ya cherehani, ya ufugaji nyuki au ya programu za kompyuta. Mgeni akikwama, anayemkwamisha ni mmoja kati ya watatu: mfumo wenyewe, wasimamizi, au wasomaji. Kwa nje huwezi kuwatofautisha kirahisi, maana ukimya ni ukimya tu. Wengi huanza kuwalaumu watu, kumbe aliyewazuia ni mashine. Kwa hiyo tuanze na mashine.

Kwanza, neno moja. Mjadala mmoja pamoja na majibu yake yote tunauita uzi. Kila kipande anachoandika mtu ndani yake ni bandiko. Kwetu neno hilo lina vituko vyake: mtu akisema uzi wake umekatika, inabidi umuulize ni upi.

Fomu ya kujiunga inakukataa

Kama imekwambia jina limeshachukuliwa, hilo si tatizo, chagua jingine. Kinachowachanganya watu ni kuambiwa anwani yao ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa mtu kwenye intaneti) imezuiwa wakati hawajawahi hata kufika hapo. Mitandao mingi ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya kutokea kwenye intaneti. Aliyeitumia kabla yako akimwaga matangazo ya mikopo jukwaani, mfumo umeikumbuka anwani, wewe unalipa deni lake. Ukiwa kwenye data ya simu, jaribu Wi-Fi. Ukiwa na VPN, yaani programu inayokupitisha kwenye intaneti kwa anwani ya kwingine, izime kwanza ndipo ujaribu tena. Mara nyingi hilo linatosha.

Sababu ya pili ni swali la kuzuia roboti. Letu linauliza kijigurudumu cha uzi wa chini kinaitwaje, na jibu ni bobini. Siku moja fundi mzoefu alituandikia kwa hasira kwamba amejibu sawasawa mara sita na bado anakataliwa. Alikuwa anaandika "Bobini." na nukta mwishoni, kama alivyofundishwa shuleni. Mfumo ulitaka neno tupu. Tumeurekebisha, lakini majukwaa mengine bado yako hivyo: andika jibu bila nukta, bila nafasi ya ziada, kwa herufi ndogo.

Barua ya kuthibitisha haifiki

Angalia folda ya barua taka, halafu ile ya matangazo. Haipo? Subiri kama nusu saa. Baadhi ya seva za barua hukataa kwa makusudi barua ya kwanza kutoka kwa mtumaji wasiyemjua, zikimtaka arudi baada ya muda. Seva ya kweli hurudi, mtuma taka mara nyingi hana subira hiyo. Barua yako huenda iko kwenye mzunguko huo.

Usibonyeze "Nitumie tena" mara tano mfululizo. Kwenye baadhi ya mifumo kila barua mpya huua kiungo cha iliyotangulia. Zikifika zote kwa pamoja utafungua ya kwanza, itakwambia imekwisha muda, na utaamini jukwaa ni bovu. Fungua ya mwisho.

Kama ulikosea kuandika anwani yenyewe (herufi mbili kupishana inatosha), barua haitafika hata ungoje mwaka. Usifungue akaunti ya pili. Tafuta ukurasa wa mawasiliano, waandikie wasimamizi jina ulilojiandikishia na anwani sahihi. Ni kazi ya dakika moja kwetu.

Umeandika, umetuma, bandiko halionekani

Hili ndilo tatizo kubwa la wageni, na lina sababu nyingi kuliko mengine yote. Kabla ya lolote, fungua wasifu wako, tafuta orodha ya mabandiko yako. Unachokikuta hapo kinakuonyesha njia ya kwenda.

Ukilikuta pale, likiwa na maneno kama "linasubiri idhini", uko kwenye foleni. Majukwaa mengi huwaweka wageni kwenye uangalizi mpaka mabandiko yao machache ya mwanzo yapitiwe na binadamu. Onyo lilitokea ulipotuma, kwa sekunde chache, juu ya ukurasa, na hukulisoma. Hakuna anayelisoma. Wasimamizi wengi ni watu wa kujitolea wenye kazi zao, kwa hiyo ungoje hadi kesho.

Ukilikuta pale lakini kwenye sehemu nyingine ya jukwaa, limehamishwa. Umeuliza habari za mota kwenye sehemu ya mashine za kukanyaga, mtu amelipeleka linakostahili. Huo si ukali, ni sawa na kuonyeshwa dirisha sahihi. Liendelee hapo hapo.

Usipolikuta kabisa, kuna mambo mawili ya kushuku. La kwanza ni kichujio cha taka. Bandiko la kwanza la mtu lenye viungo vitatu, namba ya simu na kichwa cha herufi kubwa tupu, kwa mashine halitofautiani na tangazo. Discourse, mojawapo ya programu zinazoendesha majukwaa mengi siku hizi, kwa mpangilio wake wa kawaida humruhusu mgeni viungo viwili tu na picha moja kwa kila bandiko. Toa viungo, acha maelezo, tuma mara moja. Nasema mara moja kwa sababu nimeona mtu akituma lile lile mara nne ndani ya dakika kumi. Ya kwanza ilikuwa foleni ya kawaida tu, ya nne ikamgeuza mtuma taka halisi machoni pa mfumo, na akaunti ikajifunga yenyewe.

La pili linauma zaidi. Ulikaa kuandika kwa saa nzima, na ulipobonyeza "Tuma" ukurasa ukakutaka uingie upya, maandishi yakayeyuka. Mfumo huhesabu muda tangu ulipofungua ukurasa wa mwisho. Kuandika hakuhesabiki kama kuwepo. phpBB, programu ya majukwaa iliyoanza mwaka 2000, kwa kawaida hupangwa kwenye sekunde 3,600, yaani saa moja kamili. Bonyeza kitufe cha kurudi nyuma cha kivinjari mara moja bila kugusa kingine: mara nyingi maandishi bado yamo. Ukiyaona, yanakili yote kabla hujaingia tena. Siku nyingine weka tiki kwenye "Nikumbuke" unapoingia, na bandiko refu liandikie pembeni, kwenye programu ya kuandikia, kisha ulibandike. Discourse huhifadhi rasimu yenyewe kadiri unavyoandika, lakini mimi hunakili tu, maana nimeshaungua.

Kitufe hakipo, au kipo na hakibonyezeki

Wenzako wanatumiana ujumbe wa faragha, wewe huoni pa kubonyeza. Wanapiga kura, wewe unaambiwa bado. Hapa hujakosea kitu. Akaunti yako ni changa tu. Kwenye Discourse kuna ngazi za uaminifu kuanzia 0 hadi 4. Kutoka 0 kwenda 1, mpangilio wa kawaida unataka ufungue nyuzi 5, usome mabandiko 30 na ukae ukisoma kwa jumla ya dakika 10. Kusoma tu, hutakiwi kuandika chochote. Stack Overflow, mtandao wa maswali na majibu ya waandika programu ulioanza 2008, ulikuwa na ukali wake: kwa miaka mingi ulihitaji alama 15 ili uweze kupiga kura ya kuunga mkono, na 50 ili uchangie maoni chini ya bandiko la mtu mwingine. Mgeni alishangaa kwamba anaruhusiwa kuuliza na kujibu lakini hawezi kuandika "asante" chini ya jibu. Ndivyo kulivyokuwa.

Kumwandikia msimamizi "nifungulieni ujumbe wa faragha" hakusaidii. Soma nyuzi, kitufe kitajitokeza chenyewe.

Picha inakataa kupanda

Tazama mambo mawili: ukubwa na aina ya faili. Kuanzia iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, na majukwaa ya zamani hayaujui. Njia ya mkato ninayoipenda: fungua picha kwenye simu, ipige picha ya skrini, pakia hiyo. Vipimo vyake hupungua, kwa kawaida inakuwa PNG, muundo unaopokelewa karibu kote, na haibebi habari za mahali ilipopigiwa ile ya asili, jambo ambalo watu husahau wanapopiga picha nyumbani kwao.

Na kama maandishi yako yametoka ya ajabu, mstari mmoja umevimba kama kichwa cha habari, mfumo umesoma alama zako kama amri. Majukwaa ya zamani hutumia maagizo ndani ya mabano ya mraba. Mapya hutumia Markdown, mtindo wa kupamba maandishi kwa alama za kawaida, ambako mstari unaoanza na # na nafasi hugeuka kichwa. Mtu aliandika mwanzoni mwa mstari "# 16", akimaanisha sindano namba 16, na jukwaa zima likaiona 16 kubwa kama bango. Andika neno "namba". Na kitufe cha kuonyesha bandiko kabla ya kutuma kimewekwa kwa ajili yako.

Unatafuta, hupati kitu

Unaambiwa "tafuta kwanza, limeshaulizwa". Unatafuta. Hakuna matokeo. Unaona unatukanwa.

Sehemu ya tatizo iko kwenye lugha yetu, na sijaona mwongozo wowote wa jukwaa unaolisema. Injini nyingi za kutafutia zilijengwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Kiswahili hubadilika mbele. "Inaruka", "zinaruka", "imeruka" na "kuruka" kwako ni kitendo kimoja. Kwa injini ni maneno manne yasiyojuana. Aliyeuliza miaka miwili iliyopita aliandika "mashine yaruka mishono", wewe unatafuta "inaruka", hamkutani milele. Basi acha vitenzi, tafuta kwa majina ya vitu, na jaribu umoja na wingi: mshono, mishono, mkanda, mikanda. Ongeza jina la mashine au namba ya modeli, maana hiyo haina ngeli. Kama mfumo unakubali alama ya nyota kuwakilisha herufi zozote, itumie.

Maneno mafupi sana au yanayojirudia kila mahali mara nyingi hurukwa kabisa, kwa hiyo "je ni uzi gani" kwenye jukwaa la cherehani ni sawa na kutoandika kitu. Ikishindikana, toka nje: kwenye Google andika site: ikifuatwa moja kwa moja na anwani ya jukwaa, halafu maneno yako. Mimi msimamizi mwenyewe hutafuta hivyo zaidi ya ninavyotumia kisanduku chetu.

Bandiko linaonekana, hakuna anayejibu

Sasa mashine imekwisha, tumefika kwa watu.

Tazama kichwa chako cha uzi kwa macho ya mtu anayepita. "Msaada jamani", "Naombeni ushauri wenu wadau", "Haraka!!!" Mwenye jibu anafungua jukwaa akiwa na dakika tano, anaona vichwa ishirini, anafungua vitatu anavyoweza kuvijibu. Chako hakimwambii kama anaweza. Hivi ndivyo mmoja alivyoanza kwetu:

"Habari za saa hizi wakuu. Cherehani yangu inasumbua sana, sijui nifanyeje. Mwenye kujua anisaidie tafadhali."

Siku tatu, majibu sifuri. Nilimwomba aandike upya. Akaandika kichwa "Ya kukanyaga inaruka mishono kwenye kitambaa kizito tu", na ndani:

"Kwenye kitambaa chepesi inashona safi. Nikiweka kizito inaruka kila baada ya mishono minne mitano. Nimetoa sindano namba 14 nimeweka 16 mpya, nimesafisha chini ya sahani, bado. Picha ya sindano ilivyokaa hii hapa."

Jibu la kwanza lilikuja kabla ya saa kwisha: "Mkuu, naona upande bapa wa sindano umeangalia pembeni. Kwenye mashine ya aina hiyo unatakiwa uelekee wapi? Na umeisukuma mpaka juu kabisa?" Adabu ilikuwepo kwenye mabandiko yote mawili. Kilichoongezeka ni kinachotokea, kinatokea wapi na hakitokei wapi, na alichokwisha kujaribu. Sehemu ya "hakitokei wapi" watu huiruka, na mara nyingi ndiyo yenye jibu.

Sababu nyingine ya ukimya ni kuuliza juu ya dawa uliyojipangia badala ya ugonjwa. Mtu anauliza anaweza kupata wapi skrubu ndefu zaidi ya kukazia uzi. Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuihitaji. Ukimdadisi, kumbe nyuzi zinajikunja chini ya kitambaa, amekaza skrubu mpaka mwisho, na shida yote ni kwamba alitunga uzi wa juu huku mguu wa kukandamizia kitambaa ukiwa chini, visahani vimefumba, uzi haukuingia kati. Vitanzi vinaonekana chini, ila kosa liko juu. Andika vitanzi vyenyewe. Skrubu yako itaje baadaye, kama jambo ulilofikiria.

Ukishafanya hayo yote na bado kimya, ngoja siku nzima, kisha ongeza bandiko moja lenye habari mpya: kipimo, picha, jambo ulilojaribu. Hilo linaurudisha uzi juu kwa haki. "Jamani hamnioni?" pia linaurudisha juu, lakini linarudi na wewe ukiwa umenuna.

Wamekujibu, lakini kwa ukali

Jibu la maneno matatu na kiungo, "Imeshajadiliwa, soma hapa", si tusi. Mtu amekutafutia. Fungua kiungo, soma, na kama hakikukufaa rudi useme kwa nini.

Uchovu huu wa wenyeji una umri mkubwa kuliko tovuti zenyewe. Kwenye Usenet, mtandao wa mijadala ulioanza kutumika mwaka 1980, kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo waliingia kwa wingi na kuuliza yale yale, wakazoea baada ya wiki kadhaa. Kisha Septemba ya 1993 ikaja kupewa jina la Septemba isiyokwisha, kwa kuwa wageni walianza kumiminika mwaka mzima. Orodha za maswali yaulizwayo mara kwa mara zilistawi huko, ili mtu asichoke kujibu na mwingine asione haya kuuliza. Kama jukwaa lako lina orodha hiyo, iko juu kabisa, imebandikwa na alama ya pini.

Ukali mwingine ni wa haki. Umeambiwa unafukua makaburi? Tazama tarehe ya bandiko ulilolijibu. Huenda mwenyewe aliuza ile mashine zamani. Fungua uzi mpya, weka kiungo cha ule wa zamani. Ila yapo majukwaa yanayotaka kinyume, tatizo moja likae kwenye uzi mmoja hata baada ya miaka, kwa hiyo soma kanuni za hapo ulipo kabla hujafungua.

Kama mtu amekutukana kweli, usimjibu. Bonyeza kitufe cha kuripoti, andika sentensi moja. Ukimjibu kwa lugha yake, msimamizi anakuta wawili wanapigana na hana muda wa kuchunguza nani alianza.

Umefungiwa

Hakikisha kwanza kilichofungwa ni nini. Kufuli kwenye uzi mmoja maana yake mjadala huo umefungwa kwa wote; akaunti yako ni nzima, jaribu kuandika kwingine. Akaunti ikiwa imefungiwa kweli, ujumbe hutokea unapoingia, mara nyingi na sababu na tarehe ya kufunguliwa. Andika kwa wasimamizi mara moja, kwa utulivu, taja jina la akaunti na bandiko linalohusika. Nimewafungulia wengi kwa barua ya mistari mitatu. Siwezi kumfungulia aliyekuja na akaunti ya pili usiku huo huo, kwa sababu hapo mashine imeshaziona zote mbili zikitokea mahali pamoja, na sasa kuna kesi mbili.

Simu inalia kila dakika

Zima arifa za jukwaa zima, acha za nyuzi ulizoandika tu. Iko kwenye mipangilio ya wasifu.

Umepata uzi wenye tatizo lako hasa, na haumaliziki

Hii ndiyo inayoniudhi mimi binafsi. Dalili zote ni zako, modeli ni yako, unashuka hadi bandiko la mwisho: "Tayari wakuu, imepona. Asanteni." Basi. Imeponaje? Hakusema.

Usikate tamaa kwa sababu uzi ni wa miaka. Mtaje mwenyewe kwa jina lake ndani ya uzi mpya, au mtumie ujumbe wa faragha ukisharuhusiwa. Majukwaa mengi bado yatampelekea barua pepe hata kama hajaingia siku nyingi. Muulize swali moja tu, fupi. Mgeni mmoja kwetu alifanya hivyo kwa mtu aliyekuwa ametoweka miaka mitatu. Baada ya siku mbili jibu likaja, bila salamu:

"Sindano. Niliigeuza."